Malaria ya Golikipa

Miaka ya Hali ya Hatari nilirudi Nakuru na digrii, tai mbili na imani kwamba Kiswahili changu kingewaokoa watu. Watu waliniita mwalimu kwa sababu ya digrii hiyo, nami nikapewa kazi ya kuandika gazetini habari za timu ya koloni, maana ya taifa hatukuwa nayo. Kazi yenyewe ilikuwa kuipaka timu poda.

Mfadhili wetu alikuwa mzee mnene wa lokesheni, mtaa wa Waafrika, aliyetununulia jezi. Kila mtu alijua genge lake linauza chang'aa na kuchezesha kamari ya mechi. Gazetini nilimwita mlezi wa vijana.

Golikipa alikuwa kibarua wa mzungu huko Subukia. Hakuweza kutoka shambani bila ruhusa, na ruhusa aliipata kwa ajili ya mpira tu. Wiki moja kabla ya mechi na Uganda, genge lilimtaka aachie mabao mawili. Alikataa. Wakamvunja vidole vitatu kwa nyundo.

"Andika malaria," mwenyekiti wa timu aliniambia. "Mambo ya genge yatatuchafulia jina."

Jioni, kabla ruhusa yake haijaisha, golikipa alinijia, mkono umefungwa kitambaa.

"Mwalimu, andika ukweli. Bwana akisoma mengine atanifukuza, na hiyo ni kurudishwa rizavu, kule walikorundikwa watu wetu, mimi na watoto."

Nikamwambia nitaona. Niliandika malaria, na kwa kuwa nimesoma, nikaongeza homa kali na kitanda cha hospitali.

Jumatatu nyapara alilisoma gazeti kwa sauti kwenye foleni ya posho. Golikipa alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, hana homa, mkono umevimba. Bwana akaamua kwamba alilewa akapigana, kisha akadanganya. Akamfuta kazi, akampa siku mbili awe amehama shambani.

Nikadandia lori la mahindi hadi Subukia na barua ya kukiri, Kiingereza safi. Mzungu aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni.

"Wewe naandika uwongo kwa gazeti?"

"Ndiyo, bwana."

"Na hii barua naandika nani?"

"Mimi, bwana."

Akanirudishia, akafunga mlango.

Nilimkuta golikipa nje ya kibanda chake akifunga mizigo kwa mkono mmoja, mkewe akimvutia kamba. Nikainama nishike ncha ya pili.

"Wacha hiyo, mwalimu," mkewe alisema bila kuniangalia. "Rudi mjini ukaandike tumehama kwa hiari."