Mzinga wa Mnazi

Nikisikia harufu ya lami ya moto, lazima nisimame. Wakati wa vita baba alikuwa seremala wa jeshi kule Likoni. Alichonga gogo la mnazi, akalipaka lami, likawa mzinga mweusi nyuma ya jiko letu. Nilichungulia mdomoni mwake, nikakuta hauna tundu.

"Baba, huu utapigaje?"

"Haupigi, mwanangu. Kazi yake ni kuonekana. Ndege za adui ziupige huu, ule wa kweli kule kambini usalimike."

Mama alikuwa akisuka makuti ya paa letu bovu. Aliutazama mzinga, akalitazama jiko. Baba alipokwenda kazini, mama aliyabeba makuti yote akaufunika mzinga gubigubi.

Masika yote tulilala tukivujiwa, na baba hakuuliza makuti yako wapi.