Harufu Ilikokwenda Sijui

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki nikatolewa darasa la pili kwenda kulima maharage ya watu. Kusoma nimejifunza mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia maandazi. Kwa hiyo nisichokielewa nakisema wazi, na hiki sijakielewa.

Mjukuu wangu haoni. Anasoma sekondari hapa Sumbawanga. Siku moja alirudi amenuna. Mwalimu wa kemia amemwambia aiache, achukue historia, maana kemia ni kutazama maji yakibadilika rangi. Na mtoto anataka kemia, hataki kingine.

Wakati huo profesa mmoja wa kemia, mwanamke wa Matai, alikuwa likizo kwa dada yake, jirani yangu. Watu walisema miaka yote chuoni amewafundisha walioambiwa hawawezi: viziwi, wasioona, wasichana waliokatishwa masomo. Nikamfuata.

"Shikamoo mama," akaniamkia.

"Marahaba. Ni wewe unayefundisha vipofu?"

"Nafundisha watu, mama."

"Basi njoo umfundishe wangu."

Akaja na vitunguu. Akavikatakata, akavifungia kwenye kopo pamoja na vipande vya kitambaa cheupe, akasema kesho atakuja na dawa zake za kemia na yule mwalimu. Mtoto ananyimwa kemia, huyu ananiletea mapishi.

Asubuhi jumuiya ya kanisani walikuwa wanakuja kusali kwangu. Kufungua kopo, nyumba nzima ikanuka kama jiko la harusi. Nikachukua nusu ya vitambaa, nikaviloweka kwenye maji ya majivu ninayolainishia maharage. Harufu ikakatika kabisa. Kabla sijachukua vilivyobaki, hodi, profesa na mwalimu hao mlangoni.

"Nimekuharibia," nikasema. "Nimevifua."

"Umevifua kwa sabuni?"

"Maji ya majivu."

Profesa akakaa kwenye kigoda, akacheka mpaka akafuta machozi. "Mama, dawa niliyobeba mkobani ni ndugu wa hayo maji yako."

Akachukua kitambaa kingine, akakitia ndimu, akampa mjukuu hicho pamoja na kimoja nilichofua.

"Hiki kinanuka kitunguu," mtoto akasema. "Hiki cha bibi hakinuki."

"Kwenye asidi, kama ndimu, harufu inabaki. Kwenye besi, kama majivu, inapotea. Wenzako watatazama rangi, wewe utanusa."

Mwalimu hakuamini. Akatayarisha vikombe vitano peke yake, vingine ndimu, vingine majivu, akachovya vitambaa, akavisuuza kwa maji. Mtoto akapatia vyote. Profesa akamfunga mwalimu mtandio machoni, naye anuse. Akakosea viwili.

"Mwalimu," mjukuu akamwambia, "labda uchukue historia."

Nilitaka kumkaripia, nikashindwa kwa kicheko. Mwalimu alikuwa na mtandio bado usoni. "Jumatatu uje na kopo lako," akasema. "Nitakurudisha kwenye orodha ya kemia."

Jumuiya walisali wakipiga chafya.

Nilimuuliza profesa harufu imekwenda wapi. Alinieleza mara tatu, kwa vidole, kwa punje za maharage. Majivu nimeyatumia maisha yangu yote na sikujua yanafanya kazi hiyo. Hata sasa sijui. Mjukuu anasema anajua, nami siwezi kumpima.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati. Ekari tatu za maharage. Ng'ombe wawili. Meza yangu sokoni. Baiskeli, tairi moja bovu. Kopo la vitambaa silihesabu, ni la mjukuu, na leo amekwenda nalo shule.