Taa ya Kukaushia Kucha

Mshonaji yule hajawahi kupaka rangi kucha tangu azaliwe. Kucha zenyewe ziko wapi? Huzikata hadi nyamani zisikwaruze vitambaa. Sasa niambie, alipolikuta chini ya kitanda boksi tupu la taa ya kukaushia kucha, la waridi, lenye picha ya mkono wa mwanamke, alitakiwa afikirie nini?

Alilirudisha palepale, akaendelea kufagia.

Tangu siku hiyo hakumwachia mumewe nafasi ya kupumua. Mumewe ni fundi redio, watu humwita Waya kwa wembamba wake. Kibanda chake cha kazi, kilichokuwa wazi kutwa nzima, sasa kilikuwa na pazia zito jeusi, na kila saa saba mchana alijifungia humo. Na pazia lenyewe limetoka wapi? Kwenye kitambaa cha mkewe cha sketi za shule! Khaa! Mwanamume achukue kitambaa cha mkewe akamfichie mwanamke mwingine!

"Unafanya nini mle mchana?" alimuuliza.

"Kazi."

"Kazi gani ya gizani?"

"Kazi tu, mke wangu," alisema Waya, akijikuna sikio. Akidanganya hujikuna sikio, na siku hiyo alilikuna kama limeumwa na siafu.

Afadhali mama wa watu angekuwa na shughuli ya kumsahaulisha. Cherehani yake ya umeme ilikufa wiki tatu nyuma, siku Waya alipoifungua kuitia mafuta. Waya alisema umeme wa mtaa ulizidi nguvu ukaunguza bodi ya ndani, na bodi za aina ile hazitengenezwi tena. Basi akabaki na mikono mitupu na mawazo.

"Mfungie nguo zake," dada yake alimshauri. "Kamtupie mbele ya huyo mwenye kucha, aondoke naye moja kwa moja."

Alhamisi saa saba alifika kibandani na begi. Chini ya mlango ulivuja mwanga wa zambarau. Ndani alimsikia mumewe akihesabu polepole, "Mia na arobaini, mia na arobaini na moja..." Anamhesabia nani? Hasira zilimpanda. Alisukuma mlango kwa bega, akalivuta pazia mpaka likachanika, jua likamwagika ndani.

Waya alikuwa peke yake, amechuchumaa mbele ya droo kuukuu yenye kioo juu.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenye kucha!" Aliibeba ile droo akaipindua. Kioo kiliteleza, ikaanguka plastiki nyembamba yenye mchoro, na kibao kidogo kikatua juani.

Waya alishika kichwa. "Basi. Kibao hicho ndicho kilichokuwa cha mwisho."

Akamweleza. Vitaa vya ile taa ya kucha alivipanga ndani ya droo. Mwanga wake, kwa sekunde alizokuwa akizihesabu, hupita kwenye mchoro na kuuchapa juu ya kibao cha shaba kilichopakwa dawa inayogandishwa na mwanga, kisha tindikali hula shaba isiyotakiwa na njia za umeme zikabaki. Kikisogea kidogo au kikipigwa na jua, kimekwisha.

"Cha nini?"

Safari hii hakugusa sikio. "Cha cherehani yako, mahali pa bodi iliyoungua. Umeme wa mtaa haukuwa na kosa. Mimi ndiye niliyegusanisha nyaya. Niliogopa kukwambia."

"Wiki tatu!" alifoka mkewe. "Wiki tatu nzima unanitazama nikikaa bure!"

Waya aliinamisha kichwa, ndipo akaliona begi. "Na hilo?"

"Nguo chafu. Nazipeleka kwa dobi."

Waya alifungua zipu. Juu kabisa lilikuwa koti lake la harusi, limepigwa pasi, halijavaliwa tangu siku ile.

"Kwa dobi," alisema Waya.

Mkewe aliliokota pazia lililochanika, akakaa kwenye kigoda, akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake na kuanza kulishona kwa mkono.