Uzi wa Nne

Kristina Lazaro Mughenyi ni binti wa Lazaro aliyechimba kisima cha Sepuka kwa sururu moja, mjukuu wa Eliza aliyezalisha nusu ya kijiji. Yeye anachemsha kongoro, miguu ya ng'ombe. Ndiyo iliyompa jina mjini, huyu wifi yangu aliyeolewa na kaka yangu, na kuchemsha kongoro nilimfundisha mimi.

Edward, mtafiti mzaliwa wa Unyambwa, ana mashine inayomulika leza mwilini. Mshipa wa damu ukipigwa na mwanga ule hutoa sauti ndogo, nayo mashine huisikia na kuichora. Humo humo mna ultrasaundi, kipimo kinachoona kwa mawimbi ya sauti. Ili ajue inaona kina gani kabla ya kumpima mgonjwa, anaijaribu kwenye jeli: supu ya kongoro iliyochujwa ikaganda, maziwa kidogo ifanane na nyama, na nyuzi sita nyeusi za nailoni zilizofungwa kwenye fremu, kila mmoja sentimita moja chini ya mwenzake.

Kazi ya kuitengeneza jeli akampa Kristina, na majirani walikuja kumpongeza. Chai yao nilipika mimi.

Jeli ya kwanza ikakataa. Uzi wa sentimita tatu ulionekana kwenye tatu na nusu. Ya pili vilevile.

"Mama, ya tatu ikikosea naagiza nje," Edward akamwambia Kristina.

Mimi nilijua. Nashona vibuyu vilivyopasuka tangu usichana wangu. Nailoni usipoilowesha maji ya moto na kuivuta kwanza, maziwa ya moto yakiingia mshono unalegea. Nilijua, nikanyamaza. Nani aliniuliza?

Siku ya nane Kristina akaja jikoni kwangu.

"Wifi, umenuna."

"Nani kanuna? Nyuzi zako ndizo zimelala, na supu ya moto unazimwagia!"

Akanitazama. "Tangu lini unajua?"

"Tangu ya kwanza."

Nilidhani atanitukana. Akacheka mpaka akakaa chini. "Una roho wewe! Haya, chemsha maji."

Nyuzi nikazivuta mimi. Jeli ya tatu, kila uzi ukakaa mahali pake. Ultrasaundi iliona zote sita. Mwanga wa leza ukaishia kwenye wa nne. Edward akaandika: sentimita nne.

"Hongera, Mama!" akamwambia Kristina.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Kristina akachukua fremu, akaniwekea mikononi. "Usinipe mimi hongera, Edward. Nyuzi ni za wifi kuanzia leo, macho yangu hayaoni tena matundu ya fremu. Wifi, keshokutwa anataka jeli nyingine."

"Na kongoro?"

"Kongoro yangu."

"Nilikufundisha mimi."

"Ndiyo, wifi. Vuta nyuzi."