Nusu ya Blanketi la Bukuru

Asubuhi ile tulikuwa tunapura maharage uwanjani kwetu Murungu, mimi na pacha wangu Bukuru. Mama alikuwa akipepeta na kutugombeza kwamba tunapiga porojo kuliko tunavyopiga maharage. Vumbi lilinibana kifua kama kawaida, maana nina pumu tangu utotoni. Ndipo jirani akapita akasema vita vya Kagera vimewaka, vijana wanaandikishwa Kibondo mjini.

Kwetu pacha hawatengwi. Mmoja akinunuliwa shati, na mwenzake ananunuliwa. Tukaenda wote, nami nimeapa kwamba Bukuru hatakwenda vitani peke yake.

Daktari alikuwa mtu wa pwani, hakutufahamu wala hakujua maana ya majina yetu. Bukuru akapimwa, akatoka, akavaa shati langu, akaingia tena kwa jina langu. Akapasi mara mbili. Sijutii hata leo.

Sajini aliyetupanga mstari alikuwa Muha mwenzetu, wa Kasulu. Alipofika kwenye jina langu akainua macho. Kila Muha anajua Butoyi ni pacha mdogo, na hakuna Butoyi asiye na Bukuru, pacha mkubwa.

"Wewe Butoyi, Bukuru wako yuko wapi?"

Bukuru akajitokeza. Sajini akatutazama kwa zamu, akasikia kifua changu kikikoroma.

"Nani hakupimwa?"

"Mimi, afande. Lakini naweza."

"Haya, kimbia."

Nikakimbia.

Kifua kikafunga. Nikaendelea kukimbia.

Nilizinduka kichwa kikiwa mapajani mwa Bukuru. Lori la jeshi lilikuwa linaunguruma, askari wanamwita.

"Mpurie mama maharage," akaniambia, akapanda.

Hakurudi. Vita vilipokwisha, askari mwenzake alituletea blanketi lake na habari kwamba amezikwa huko huko. Mama hakulia mbele ya mgeni. Alichukua kisu akalikata blanketi katikati, sawa kwa sawa. Nusu tukaizika nyuma ya nyumba, nusu akanipa mimi.

Watu waliniambia pumu imeniokoa. Niliwachukia kwa maneno hayo, na bado napandwa na hasira nikiyasikia.

Siku ya mashujaa, wazee waliopigana hujipanga uwanjani Kibondo. Nami hujipanga nao, blanketi begani. Mwaka huu msimamizi mmoja alinishika mkono.

"Mzee, samahani, si nasikia wewe hukwenda?"

"Sikwenda. Mimi ni Butoyi. Nimesimama mahali pa Bukuru."

Naye ni Muha. Akaniachia mkono.