Ubeti Ulioachwa Mlangoni

Mie sikusoma. Herufi nilijifunza ukubwani, darasa la jioni la watu wazima, tumekaa na khanga mabegani tukisoma "ba, be, bi" kama watoto. Lakini nyimbo nilikuwa nazo kichwani, na kwa hiyo nikapewa kazi ya kuchagua nyimbo za Jumapili katika kanisa letu dogo la Temeke, la kuta za udongo na mabati yaliyokuwa yakitulilia mvua ikinyesha.

Watu hudhani kazi hiyo ni nyepesi. Si nyepesi. Alhamisi mwinjilisti ananisomea somo, mie nakwenda nalo nyumbani, nafua nalo, napanga nalo foleni ya sabuni, mpaka wimbo wake uje wenyewe. Wa kuingilia usiwe mzito, watu wametembea juani. Wa kabla ya neno uwatulize. Wa sadaka uwe mrefu, maana mafundo ya khanga hufunguliwa polepole sana siku ya sadaka. Jumamosi naandika namba kwa chaki ubaoni, na nikishaandika sipendi kuulizwa.

Wimbo mmoja haukuwa na namba. Ulikuja na akina mama waliotoka Kusini, na kitabuni haumo. Ubaoni niliuwekea mstari mmoja wa kulala, basi. Ulikuwa wimbo wa mtu aliye safarini. Akiondoka mtu wa nyumba yenu kwenda mbali, mnaomba uimbwe kila Jumapili mpaka arudi. Milango inafungwa, tunaimba beti tatu, halafu tunanyamaza. Ubeti wa nne si wetu. Ni wa msafiri. Siku akirudi anasimama nje, anauimba peke yake, "Nimerudi, nifungulieni," na mama yake au mkewe ndiye anayekwenda kumfungulia. Hapo tunasema wimbo umefungwa. Asipokuwepo mtu nje, tunanyamaza kidogo, milango inafunguliwa, ibada inaendelea.

Vita vilipoanza kule Kagera, vijana wetu kadhaa wakaenda. Mmoja alikuwa mtoto wa jirani yangu. Huyu jirani alikuwa mjane, akikaanga samaki na kuuza, na ua wetu ulikuwa mmoja. Moshi wa kikaango chake umeniumiza macho miaka mingi. Mtoto alikuwa huyo mmoja tu, mgambo, mcheshi, mwenye sauti nzuri. Asubuhi ya kuondoka alinipigia shikamoo, akaniambia, "Mama, ubeti wangu usije ukampa mtu." Nikamwambia aondoke zake, asicheze na mambo ya kanisa. Mama yake akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

Basi tukaimba. Jioni tunakusanyika kwenye redio ya balozi wetu wa nyumba kumi, Wakristo na Waislamu pamoja, Jumapili tunaimba. Vita vikaisha. Vijana wakaanza kurudi, na nasema kweli, sijaona furaha kama ile. Unanyamaza baada ya ubeti wa tatu, kanisa zima linasikiliza mlango, mara sauti inatoka nje, mbaya au nzuri, na mwanamke anaruka mabenchi kama msichana. Mmoja alisahau maneno, akasema tu, "Jamani, nifungulieni." Tukamfungulia.

Wote walirudi ila yule. Wenzake walisema walimwona mara ya mwisho akiwa mzima, wakatenganishwa, hawajui zaidi. Mama yake alikwenda kuuliza kila alikoelekezwa. Akaambiwa asubiri. Akasubiri.

Tatizo lilianzia hapo. Wimbo ukawa wa mtu mmoja. Kila Jumapili milango inafungwa, joto, watoto wanalia, tunaimba, tunanyamaza, na yeye amekaa benchi la nyuma karibu na mlango, shingo imesimama. Mwanzo watu walimwonea huruma. Huruma nayo huchoka. Wengine wakaanza kukohoa kwenye ule unyamavu. Mwanamke mmoja akasema kwenye bomba kwamba sasa tunamwimbia maiti. Nilimwambia achote maji yake aende, lakini na mie nilikuwa nimeshawaza hivyohivyo. Nilimwona jirani yangu hakondi wala hanenepi, halii, hapangi matanga, hagawi nguo za mtoto. Nilijiuliza, je, mie na mstari wangu wa chaki ndio tunaomzuia kulia?

Mzee wa kanisa, aliyekuwa karani bandarini, mtu wa utaratibu, akaniita. Alisema mwinjilisti wetu anahamishwa, Jumapili inayofuata anakuja mpya, kijana kutoka chuoni, na yeye hataki mgeni akute kanisa linafungiwa milango kwa ajili ya mtu ambaye, Mungu atusamehe, kila mmoja anajua hali yake.

"Mama, wimbo umemaliza kazi yake," akasema. "Uondoe."

Sikumjibu, na yeye alichukua kunyamaza kwangu kuwa nimekubali. Pengine nilikuwa nimekubali.

Jumamosi nikaandika namba zangu, mstari sikuuweka. Jirani yangu ndiye aliyekuwa na zamu ya kufagia kanisa. Jioni aliingia uani, hakwenda jikoni kwake, akaja kusimama mbele yangu na fagio mkononi.

"Dada, umemaliza chaki?"

Nikamwambia sikumaliza. Nikamweleza aliyosema mzee, na kwa kuwa sipendi kujificha nyuma ya mtu, nikamweleza na niliyokuwa nawaza mwenyewe, kwamba labda wakati wa matanga umefika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ukinionyesha kaburi lake nitalia hata leo. Unalo kaburi? Basi usinifungie mlango wewe. Wewe ulimsikia mwenyewe alichokuambia."

Akaenda kuwasha moto wake. Usiku haujaingia nikarudi kanisani, nikaweka mstari. Nikamwambia akiwa anageuza samaki kwamba kesho ni mara ya mwisho. Akageuza samaki mwingine.

Kesho yake mgeni akachelewa. Mzee wa kanisa akaona mstari ubaoni, akanitazama, mie nikatazama mbele. Tukaanza bila mgeni. Ulipofika wimbo ule, milango ikafungwa, tukaimba beti tatu, tukanyamaza.

Nje, sauti ya kijana ikapokea: "Nimerudi, nifungulieni."

Ilikuwa nzuri, imenyooka, na kila neno lilikuwa mahali pake. Jirani yangu hakukimbia. Aliinuka kama mtu anayebeba maji kichwani, akauendea mlango polepole, akavuta komeo. Mlangoni alikuwa amesimama kijana na sanduku dogo, viatu vimejaa vumbi, anatabasamu. Mikono ya mama ilikuwa imeshafika mabegani kwake ndipo akaona si yeye.

Kumbe ndiye yule mwinjilisti mpya. Kwao, huko huko Kusini, wimbo ule huimbiwa mgeni yeyote. Kijiji kikinyamaza, mgeni anajibu. Amekuta milango imefungwa, anasikia wimbo wa bibi yake, unakoma pale unapokomea, akadhani tumeandaa kumpokea. Angefanya nini kingine? Hakuwa na kosa. Akampigia shikamoo yule mama.

"Marahaba, baba," akaitika. "Karibu ndani." Akampokea sanduku, akaliweka chini vizuri, akatoka nje. Hakurudi ibadani.

Mzee wa kanisa alinisubiri mlangoni baada ya ibada. Hakuwa na furaha mbaya, nisimsingizie. Alikuwa amechoka tu. Akasema Mungu mwenyewe ameamua, wimbo umefungwa mbele ya watu wote, tushukuru.

"Amefunga nani?" nikamwuliza.

"Mama, ubeti umeimbwa."

"Umeimbwa na aliyetoka kwao. Aliyetoka kwetu hajauimba."

Akasema nina kichwa kigumu. Ni kweli. Lakini nilikuwa nimeona ile mikono, na tangu saa ile sikuweza tena kumpangia mwanamke yule siku ya kulia.

Nilimkuta uani anaparua samaki. Mwinjilisti alikuwa amekaa kwenye kibao mbele yake, amekunja suruali, anajaribu kuomba radhi na maneno yanamkatika. Yeye akamwambia, "Una sauti nzuri, mwanangu. Ila usirudie." Akampa samaki.

Jumamosi ya wiki ile nikaweka mstari tena. Na Jumamosi iliyofuata. Wako waliohamia kanisa jingine kwa sababu ya mstari huo, na mzee alikaa muda mrefu ananisalimia kwa kichwa tu. Yule mwinjilisti alikuwa anaimba beti tatu na sie, halafu anafunga mdomo na kutazama sakafu.

Sijui kama nilifanya vyema. Naandika nikiwa mzee, na bado sijui. Yako mambo niliyaona uani ambayo kanisa halikuyaona: sahani ya pili aliyoiosha kila siku ilhali hakuna aliyekula humo, shati alilolianika juani kila mvua za masika zikiisha, lisiote ukungu. Pengine matanga yangempumzisha. Pengine yangemwua mapema. Mie nilimpa mstari wa chaki, sikuwa na kingine.

Alipokufa yeye, nyimbo za maziko nilizichagua mie. Tulifika makaburini jua kali. Mwinjilisti wetu, sasa mchungaji mwenye mvi, akaniinamia sikioni.

"Mama, tuufunge leo? Amefika kwao."

Niliwaza, maana maneno yake yalikuwa mazuri. Halafu nikatikisa kichwa.

"Aliyetoka ni mwanawe," nikamwambia. "Yeye alikuwa nyumbani siku zote."

Tukaimba beti tatu. Tukanyamaza kidogo, kama kawaida. Wako wachache walioangalia njia ya kuingilia makaburini, na mie nilikuwa mmoja wao. Halafu wanaume wakashika makoleo.