Wasifu wa Mlinzi wa Ndiva

Kwetu Myamba mtu hazikwi kabla wasifu wake haujasomwa. Jeneza likiwa bado juu, mtu anasimama na karatasi, anasema marehemu alizaliwa lini, alioa nani, ameacha watoto wangapi. Karatasi hizo, kwa miaka ishirini na kitu, aliziandika bibi yangu Asteria. Shule aliishia darasa la nne. Mimi nimempita mwaka mmoja tu.

Bibi hakuandika tarehe peke yake. Alikuwa akienda msibani siku ya kwanza, anakaa jikoni na wanawake, anamenya ndizi, haulizi kitu. Watu wakishazoea kuwa yupo, wanaanza kusema. Ndipo anaandika. Baadaye wazee wa ukoo wanapitia na kukata wasiyoyataka, naye anawaacha wakate.

Ilipokuja korona, mjomba Edgar alipiga simu kutoka Same mjini. Bibi ana pumu, kwa hiyo asitoke nje ya geti, asiende kanisani, asikanyage msibani. Mke wa mjomba, Honorata, tunayeishi naye, akaweka kufuli getini na ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Honorata si mbaya. Aliogopa kwamba bibi akifa, watasema ni yeye.

Mwezi wa nne akafa Mzee Eliwaza. Bibi akaandika kwa kuuliza kwa simu. Akatajiwa watoto saba, akaandika saba. Wawili aliozaa na mke wa kwanza hawakutajwa, na siku ya kuzika walikuwa wamesimama palepale, udongo mkononi. Bibi aliposikia, alipandisha daftari juu ya kabati. Akasema hawezi kumwandika mtu akiwa amefungiwa. Siku zikawa zinafanana. Anazunguka ua, anakaa, anazunguka tena. Siku moja nilimwona ameshika kalamu, anaiangalia kama kijiko cha mtu mwingine.

Halafu akafa Mzee Loth wa ng'ambo ya korongo. Yeye alikuwa mlinzi wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Ndiye aliyesema leo maji ni ya nani. Yeye na bibi walipata kipaimara siku moja. Ndugu zake wakatangaza kwamba mazishi ni kesho, watu wachache, mchungaji atataja jina na tarehe, inatosha.

"Loth wa kuzikwa kwa jina na tarehe?" bibi akasema. Akamwomba Honorata ufunguo.

"Nisamehe, mama. Sikupi."

Bibi hakubishana. Akaenda mwisho wa ua, kando ya geti, penye masale ya mpaka. Ukisimama pale unaiona nyumba ya Loth mpaka sufuria zilizoanikwa. Kwa miguu ni nusu saa, kushuka na kupanda, lakini sauti inafika. Akamwita mjane, Mama Tumainieli. Akampa pole, akashika kifua, akapumua kwanza. Kisha akauliza Loth alikuwa mtu wa namna gani nyumbani kwake.

Nikajua amekosea. Habari za marehemu huulizwa jikoni, chini chini. Hii ilisikika korongo zima, na majembe yakanyamaza mashambani. Mama Tumainieli akajibu kama mtu aliyechoka kuficha.

"Andika kwamba mwaka wa ukame alinifungia maji wiki mbili. Mimi mkewe. Kwa sababu sikwenda kusafisha mfereji."

Chini yetu, katikati ya tangawizi, akainuka Aminieli, ambaye mdomo wake haulali.

"Na mimi alinifungia. Mahindi yangu yote yakakauka, nikamtukana mpaka matusi yakaniishia." Akaegemea jembe. "Lakini ya kwake yalikauka kwanza. Weka na hiyo, bibi."

Mtu wa shamba la juu akasema mahindi ya Aminieli yalikaushwa na uvivu, maji yasisingiziwe. Watu wakacheka, hata mjane akacheka. Baada ya hapo kila shamba likawa na neno lake. Sikumwona bibi alipolishusha daftari. Nilimkuta anaandika amesimama, ameliegemeza kwenye nguzo ya geti, anakohoa na kuandika.

Jioni Honorata akazisoma zile kurasa tatu, akarudia moja. Akafungua pindo la khanga. Bibi akasimama haraka, akatafuta kandambili. Lakini Honorata alitoka peke yake na karatasi, akafunga geti kwa nje, akashuka korongoni. Aliporudi akasema wazee wa ukoo hawakukata neno. Wangekata nini, na kila mtu alikuwa ameshasikia?

Siku ya kuzika upepo ulitoka upande wetu, hakuna sauti iliyotufikia. Macho ya bibi hayafiki mbali, akawa ananiuliza mimi.

Nikamwambia mchungaji amesimama na karatasi.

"Amekwisha kaa?"

"Bado. Amefungua ya pili."

"Na watu?"

Walikuwa wamekaa chini, kwenye nyasi, hata wale walioambiwa wasimame mbali mbali. Mmoja alikuwa anafuta macho, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Nikamwambia hayo yote. Bibi hakutabasamu. Alikuwa ameng'ang'ania vyuma vya geti kwa mikono miwili.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Angalia kule. Niambie akifika ya tatu."